Shajara ya mradi: benchi la nyuma ya karakana

Nafundisha uchomeleaji katika chuo kimoja cha ufundi hapa Mwanza. Muhula huu mkuu wa chuo alinikabidhi kazi ambayo kwenye barua iliitwa "mpango wa kupunguza uvutaji wa sigara kwa wanachuo". Nadhani alinichagua kwa sababu walimu wote wanajua nilivuta miaka kumi na moja nikaacha. Nilipewa daftari, kalamu za rangi na karatasi sita za manila. Haya ni ya daftari lile lile. Nimeondoa majina na mambo ya watu ya ndani, na sentensi chache nimezinyoosha.

9 Februari

Nimeanza kwa kuhesabu, maana sikuona pengine pa kuanzia. Nyuma ya karakana, kati ya ukuta na jabali (Mwanza ukikosa jabali nyuma ya jengo ujue umejenga ziwani), kuna benchi ambalo wanafunzi waliotangulia walilichomelea kwa mabaki ya nondo. Ndipo wanapovutia. Asubuhi mimi na kiranja wa karakana tulifagia pakawa peupe. Jioni tukaokota vichungi vya sigara 29.

Nilitaka kuandika "wavutaji 29 kwa siku". Kiranja akacheka. Akanionyesha kichungi kimoja kilivyolowa na kubanwabanwa. "Mwalimu, hii fegi moja imepita midomo mitatu. Mmoja ananunua, wawili wanaomba pafu." Kwa hiyo kuhesabu vichungi si kuhesabu watu. Hata hivyo tutaendelea kuhesabu kila siku, wiki kwa wiki, ili tujue kama idadi inapanda au inashuka.

Wiki ilipokwisha, Jumatatu hadi Ijumaa: 131.

11 Februari

Nimegawa karatasi za maswali zisizo na majina kwa wanafunzi wa uchomeleaji na wa ufundi magari. Zimerudi 46. Waliokiri kuvuta ni 19, yaani karibu wawili katika kila watano. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 14.6 ya wanaume wazima wa Tanzania. Wangu ni wavulana isipokuwa wanne, na wengi hawajafika hata miaka ishirini. Najua karakana mbili si nchi, lakini tofauti hiyo imenikaa kooni.

Swali la tatu liliuliza: sigara ya kwanza uliipataje? Nilikwisha kuandaa safu ya "marafiki" kwenye daftari, nikidhani itajaa. Imebaki karibu tupu. Kati ya wale 19, kumi na wawili wameandika neno moja kwa namna mbalimbali: nilitumwa. "Baba alinituma nikamuwashie jikoni." "Fundi alikuwa chini ya gari, mikono ina grisi, akasema niwashie." "Mjomba."

Kila aliyekulia kwetu anaijua hiyo. Mtoto anapewa sigara apeleke kwenye figa, na ukiinama kwenye kaa bila kuvuta haishiki. Inabidi uvute pafu moja la kuikoleza, na njiani uvute la pili isije ikazimika ukarudishwa. Hata mimi nilianza hivyo, Magu, kwa babu. Sikuwahi kuiita ile "sigara yangu ya kwanza" mpaka leo niliposoma karatasi za watoto wa wenzangu.

Mmoja ameandika nusu ukurasa. Anatoka Ukerewe. Kabla ya kuja chuoni alifanya misimu miwili kwenye mitumbwi ya dagaa ili apate ada. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo: mnawasha taa, mnasubiri dagaa wakusanyike kwenye mwanga, saa zinakwenda, baridi ya ziwa inaingia kwenye mifupa na usingizi unakuja. Mdogo kuliko wote ndiye mwasha sigara wa mtumbwi mzima. "Wakubwa walikuwa wanavuta ili wasilale. Mimi nilikuwa nawasha ili wasinitupe." Sidhani alimaanisha kutupwa majini. Nimemwachia kama alivyoandika.

16 Februari

Onyesho la chupa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejazwa, kifuniko kimetobolewa upana wa sigara, chini kuna tundu dogo. Unaweka pamba nyeupe ndani ya kifuniko, unachomeka sigara, unaiwasha, kisha unaliachia tundu la chini. Maji yakitoka chupa inavuta yenyewe kama pafu la mtu. Sigara ikiisha unatoa pamba: ina rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha, na inanuka.

Kimya kizuri. Nikajisikia mwalimu hasa. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, hiyo chupa imevuta fegi nzima. Ungetuachia nusu." Kicheko mpaka kipindi kikaisha.

Kilichowaingia kidogo ni ile gesi yenye sumu, monoksidi ya kaboni, kwa sababu wanaijua kwa jina lingine. Wa magari wanajua usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, na kila mtu hapa ana habari ya watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Nikawaambia ni gesi ile ile, inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mvutaji anatembea na kijiko chake cha hiyo kila siku. Mtaalamu wao wa ekzosi akauliza inakaa muda gani. Nikajibu kwamba ukiacha kuvuta, ndani ya siku moja hivi damu inakuwa imejisafisha. Hilo wakaliandika.

20 Februari

Leo nimekosea, na nakiandika ili nisirudie.

Nilisimama mbele nikasema tumbaku ni zao la mauti, anayelima na anayeuza wote wako kwenye msafara mmoja. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akainuka, akaomba ruhusa, akatoka. Nilimkuta kwenye bomba la maji. Anatoka Kaliua. "Mwalimu, ada yangu ni tumbaku. Baba akilipwa na chama cha msingi cha ushirika ndipo anatuma." Yeye mwenyewe hajawahi kuvuta. Ila alipokuwa na miaka tisa, asubuhi ya kuchuma majani yenye umande, alitapika mpaka akaishiwa nguvu. Nikotini hupenya kwenye ngozi, hasa jani likiwa limelowa. Akanieleza usiku wa kukesha kwenye bani, banda la kukaushia, wanakausha majani, mtu analisha kuni mpaka alfajiri, asilale moto usishuke, na kila mwaka miti inakuwa mbali zaidi na kijiji. Anaijua tumbaku kuliko mimi na chupa yangu.

Nikamwomba radhi. Nikamuuliza kama angependa kuwaeleza wenzake. Akasema hapana, na sikumbembeleza.

Tangu leo sitasema neno juu ya mkulima. Mradi huu ni wa benchi.

23 Februari

Uongozi umefanya msako mabwenini na nyuma ya karakana bila kunishirikisha. Watano wameandikiwa barua. Mmoja amesimamishwa wiki mbili.

Wiki hii: 17. Mkuu wa chuo amefurahi, akaniita ofisini kunipongeza.

25 Februari

Nimeikuta saa tano asubuhi: kichungi kimoja, bado cha moto, nyuma ya stoo ya mitungi. Ndani ya stoo kuna mitungi ya oksijeni na ya asetilini. Hatua nne hivi kutoka kwenye ukuta wenye matundu ya hewa.

Miguu ililegea. Nilikichukua kwa koleo, sijui kwa nini koleo, nikaenda nacho ofisini nikakiweka kwenye karatasi mbele ya mkuu wa chuo. Nikamwambia: mzee, hatujapunguza sigara, tumeihamisha. Imetoka penye jabali, imekuja penye gesi. Nyingine ziko vyooni, kiranja amezihesabu, ni nyingi kuliko za benchini.

Amekubali misako isimame na aliyesimamishwa arudi darasani. Benchi limeachwa. Kwa anayesoma hii akiwa na karakana yenye mitungi: kabla hujawafukuza wavutaji, jiulize watakwenda kusimama wapi.

2 Machi

Wiki iliyopita niliketi dirishani siku tatu nikifanya kama nasahihisha madaftari. Nilitaka kuona kinachotokea kabla ya sigara.

Vitendo vyetu huanza saa 2 asubuhi na kwenda mfululizo hadi saa 6:30. Kwenye ratiba hakuna mapumziko, kwa sababu, kama tunavyosema sisi walimu, kijana azoee kazi. Mvutaji amevuta ya mwisho getini saa 2 kasoro. Nikotini hupungua nusu mwilini kila baada ya muda wa saa mbili hivi. Saa 4 hamu inamgonga. Wenyewe wanaita arosto. Anaweka koleo chini, anatoka, hakuna anayemuuliza. Dakika kumi penye upepo, kivulini, na stori.

Asiyevuta? Siku ya pili, kijana mmoja alivua miwani ya kuchomelea, akafuta jasho, akakaa kwenye ndoo. Hata dakika haikuisha. Sauti ikasema: "Wewe mbona umekaa? Shika fagio." Sauti hiyo ilikuwa yangu.

Nimeisikia nikiwa nimeshika kalamu. Katika karakana yangu, mtu pekee mwenye haki ya kupumzika ni mvutaji. Nilikuwa nawafundisha hivyo kwa miaka bila manila wala kalamu za rangi. Siku ya tatu yule wa ndoo nilimwona benchini. Hakuwa akivuta, lakini alikuwa amekaa nao. Sijui atakaa hivyo hadi lini.

9 Machi

Maombi mawili. La kwanza kwa mkuu wa chuo: mapumziko ya dakika ishirini saa 4 kwa kila mtu, mashine zote zizimwe, mwalimu naye atoke. Amekubali kwa majaribio hadi mwisho wa muhula.

La pili kwa mama wa genge lililo mbele ya geti. Hili lilichukua saa nzima na vikombe viwili vya chai. Anauza nyanya, vitunguu, vocha na sigara moja moja, mia mbili kila moja. Nilimweleza kuwa sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na wa mwaka wa kwanza wengi wana kumi na sita, kumi na saba.

"Mwalimu, wanakuja na ovaroli. Mtu wa ovaroli mimi nimuulize cheti cha kuzaliwa?"

Kisha akanigeuzia kibao: "Viroba mlivikataza nikiwa na katoni nzima ndani. Nani alinirudishia hela yangu?" Ni kweli, marufuku ya viroba, ile pombe ya vifuko, ya Machi 2017 iliwakuta wengi na mzigo. Sikuwa na jibu. Na nikikataza genge lake, la ng'ambo ya barabara liko pale pale.

Ile mia mbili ndiyo mlango wenyewe. Nilipomwambia kijana mmoja kuwa sigara tano kwa siku ni elfu moja, alinijibu, "Elfu moja sijawahi kuiona, Mwalimu. Mimi naona mia mbili." Pakiti nzima asingeimudu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia 2007, unazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa moja moja kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mkataba haupo pale gengeni. Tuliopo ni mimi na mama.

Tumeafikiana hivi: yeye ndiye atakayeleta chai na vitafunwa ndani ya chuo saa 4, peke yake, bila mshindani. Yeye ataondoa sigara mbele ya genge na hatafungua pakiti mpaka saa 10 jioni. Tumepeana mikono. Hatukuandika popote.

16 Machi

Siku ya kwanza. Chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha, karanga. Sukari iliisha kabla foleni haijafika nusu na wa useremala walilalamika kuwa wa magari wamejaza vikombe mara mbili. Hakuna aliyezungumzia sigara hata kidogo, hata mimi.

Walikwenda benchini saba. Wanne walikwenda na kikombe.

24 Machi

Mwalimu mwenzangu wa magari anavuta, na ana tabia ya kusema "hebu niwashie" kwa kijana aliye karibu. Nilikuwa nakwepa kumwambia, maana ni mkubwa kwangu kwa umri na ndiye aliyenipokea hapa chuoni. Leo nilimpelekea zile karatasi kumi na mbili za "nilitumwa", bila maneno. Alizisoma zote amesimama. Alipofika kwa yule wa fundi aliye chini ya gari akasema, "Huyu ni wangu huyu, naujua mwandiko."

Hajaacha kuvuta. Ila tangu mchana anawasha mwenyewe, tena nje ya geti.

2 Aprili

Wiki baada ya msako kusimamishwa vilikuwa 96. Wiki tatu za chai: 84, 70, 61. Vyooni kiranja anaokota kimoja kimoja.

Kabla sijajisifu: wawili kati ya walioniambia wameacha nimewaona midomo imevimba upande mmoja. Ugoro, chini ya mdomo. Wanaununua mwaloni, wanakotua wavuvi. "Mwalimu, huu hauna moshi." Hauna moshi, kweli, lakini nikotini ile ile, na saratani ya kinywa haingojei moshi. Kwenye karatasi yangu ya kwanza niliuliza kuhusu sigara peke yake. Swali baya huzaa jibu zuri.

Likizo.

4 Mei

Wamerudi. Wiki ya kwanza: 93. Nilitegemea. Likizo wengine walikuwa gereji, wengine ziwani, wengine nyumbani kwa baba anayetuma.

Wanne wamekuja wenyewe wakitaka kuacha kabisa. Dawa za kubadilisha nikotini chuo hakina, kwa hiyo nimewapa nilichonacho. Nimewaambia siku tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, wasianze Jumatatu ya mtihani. Arosto ikija, dakika chache tu, tano au kumi, inapita hata usipoipa kitu. Inarudi, na inapita tena. Mimi nilitafuna miwa. Mke wangu alifagia makapi ya miwa wiki tatu na bado ananikumbusha. Wao wamechagua karanga na bigijii. Wanakaa pamoja saa 4, na wamekubaliana kwamba anayetaka kwenda benchini anaaga wenzake kwanza kwa sauti. Hiyo ni akili yao.

Mmoja ni yule wa Ukerewe.

18 Mei

Wa mwaka wa pili wanakwenda mafunzo ya vitendo mitaani: gereji za Mabatini, Igogo, Mkuyuni, na wawili kwenye karakana ya mitumbwi Kirumba. Huko hakuna chai yangu. Kuna fundi, kuna jua, na mwanafunzi ndiye mdogo kuliko wote, kama mtumbwini.

Nimeandika barua moja, nusu ukurasa. Sijaandika chochote kuhusu mapafu. Nimeandika: "Tunaomba mwanafunzi wetu asitumwe kununua wala kuwasha sigara, na apewe dakika za kupumzika kama mafundi wengine." Mkuu wa chuo ameweka muhuri. Walimu wawili wameniambia mafundi wataicheka.

29 Mei

Vichungi wiki hii: 58. Hesabu hii siilinganishi na za nyuma, kwa sababu nusu ya wavutaji wangu hawapo chuoni. Keshokutwa ni tarehe 31, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, na uongozi unataka bango. Nimetoa manila zilizobaki.

Kati ya wale wanne, wawili bado wako kwenye karanga. Mmoja amerudi benchini. Wa nne ni wa Ukerewe, yuko gereji Mabatini, na amenipigia simu jioni hii.

"Shikamoo Mwalimu. Leo fundi kanituma fegi."

"Marahaba. Ukaenda?"

"Nimekwenda. Nimemletea na kiberiti, nikamwambia, fundi naomba uiwashe mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Kasema vijana wa chuo mna maringo. Kisha akawasha."

Nikamuuliza kama fundi aliipokea ile barua yenye muhuri. Akasema ipo, imefunika ndoo ya oili ili vumbi lisiingie. Jumatatu nitaanzia hapo.